Kabla Hujatoa Kianzio: Mtumbwi wa Mbao, Boti ya Faiba na Hela Uliyonayo

Jumanne jioni mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mwanza. "Shikamoo mjomba. Nina milioni 6. Fundi anataka kianzio Jumamosi, halafu kuna jamaa mwingine ana boti ya faiba, anasema tuelewane. Nichukue ipi?" Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka nifike. Nilifika Alhamisi asubuhi, tukazunguka mialo siku mbili nzima, na haya ndiyo niliyomwonyesha.

Bei nitakazozitaja ni zile tulizotajiwa sisi, kabla ya kupatana. Mwaloni kwako zitakuwa nyingine. Chukua njia yangu ya kupiga hesabu, toa tarakimu zangu, weka zako.

Watu huanza na swali la mbao au faiba. Anza na maji. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mtu anayetega nyavu ghubani, mita mia mbili kutoka kwenye mawe, hafanyi kazi moja na anayekesha na taa akitafuta dagaa nje ya visiwa. Wa kwanza anataka chombo chepesi cha sakafu bapa, kinachoelea kwenye maji ya magotini na kuvutwa nchi kavu na watu wawili. Wa pili anataka mkuku, omo iliyoinuka na ubavu mrefu, kwa sababu upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hauna simile na sakafu bapa. Chombo kinapigapiga juu ya wimbi, viungo vinafunguka, na kufika nusu ya safari mtu mmoja hafanyi kazi nyingine ila kutoa maji.

Mtoni ni habari nyingine. Kagera, Mara, Malagarasi: maji yanatembea, hapa kina cha goti, pale upondo haufiki chini, na kando yote ni mafunjo. Mtoni mkuku mrefu ni mzigo, unakwama mchangani na mkondo unakugeuza ubavu. Sakafu bapa ya mita 4 au 5, upondo mmoja na makafi mawili vinatosha. Hela ya injini iache nyumbani.

Na wewe unayevua mtoni msimu mmoja na ghubani msimu mwingine, mwambie fundi akuundie cha mita 6: sakafu bapa katikati, omo iliyoinuliwa, mkuku mfupi usiozidi vidole vinne. Kitakutumikia kote kuwili, mradi ujue hakitakupeleka visiwani. Akikuambia kitakupeleka, huyo anauza.

Mpwa wangu anataka sangara na sato, nje kidogo ya ghuba. Kwa hiyo mita 7, mkuku, watu watatu. Hapo ndipo tukaanza kuuliza bei.

Kwa upande wa mbao, mafundi watakutajia majina mengi, lakini kwa mnunuzi kuna mafungu mawili: mbao inayokaa majini na isiyokaa. Mvule, mninga na mkangazi zinakaa. Paina haikai. Tulitajiwa milioni 2.6 kwa mtumbwi wa mkangazi wa mita 7, na milioni 1.4 kwa wa paina wa urefu uleule. Ukitazama hela iliyoko mfukoni, paina inavutia. Ukihesabu miaka, haivutii, na hesabu yake nitaileta chini.

Kuna njia ya kati ambayo fundi hatakuambia usipouliza. Sehemu inayowahi kuoza kwenye mtumbwi ni ya chini: mkuku, mataruma, na safu mbili za kwanza za mbao zinazolowa kila siku. Omba hizo ziwe mkangazi au mvule, na mbao za juu ya maji ziwe paina. Bei inashuka, na mbao ngumu inakuwa pale inapohitajika. Ila andikishana naye, maana rangi ikishapita huwezi kujua ubao upi ni upi.

Mambo matatu ya kuuliza kabla ya bei. La kwanza, mbao imekauka? Mbao mbichi inapigiliwa leo ikiwa imebanana vizuri, kisha jua la wiki mbili linaifungua na unaweza kupitisha ncha ya kalamu kwenye kiungo. Inua ubao mmoja wa fundi. Ukiwa mzito kuliko macho yako yalivyotarajia, bado una maji. La pili, misumari. Itake iliyopakwa zinki. Ya kawaida inaota kutu, kutu inakula ubao unaouzunguka msumari, na baada ya muda una msumari unaocheza ndani ya tundu. Tofauti ya bei kwa mtumbwi mzima ni ndogo mno kuwa sababu ya kubana. La tatu, karatasi za mbao. Mbao za msitu husafirishwa kwa hati za Wakala wa Huduma za Misitu, na shehena isiyo na hati ikikamatwa njiani, kianzio chako kimekamatwa nayo.

Mtumbwi wa kununua mkononi tulitajiwa milioni 1.1, "umepigwa rangi juzi tu, mzee." Ulikuwa umepinduliwa chini ya mti, bluu na nyeupe, unang'aa. Rangi mpya kwenye mtumbwi wa zamani inanipa wasiwasi, kwa hiyo nilipiga magoti upande wa shetri, pale mkuku unapokutana na ubao wa kufungia injini, maana maji ya ndani hukaa pale. Kulikuwa na kipande cha bati kimepigiliwa juu ya kiungo. Vipande vya bati si kosa, mitumbwi mingi ya ziwa hili inavyo juu ya kalafati. Lakini hiki kilikuwa kipana kuliko vingine na misumari yake ilikuwa mipya. Nikatoa kisu kidogo ninachotumia kumenyea machungwa, nikakigusa kando ya bati, nikasukuma taratibu kama mtu anayejaribu kama kiazi kimeiva. Kikaingia mpaka mpini. Nilipokichomoa kilitoka na unga wa kahawia wenye maji. Mpwa wangu alitazama kile kisu, akatazama ile rangi, hakusema neno.

Fanya hivyo sehemu nne kabla ya kutaja bei yoyote: kwenye mkuku nyuma, kwenye mkuku mbele, chini ya kila taruma unalofikia, na kwenye ubao wa injini. Mwenye mali akikataa usiguse kwa kisu, shukuru, ondoka. Kisha uliza namba ya usajili na leseni ya mwisho, uone kama jina ni la anayekuuzia. Mtumbwi unaweza kuwa na deni, kesi au ndugu watatu wanaoudai, na vyote hivyo vinakuja na wewe nyumbani.

Sasa faiba. Sifa zake ni za kweli: haiozi, haihitaji kalafati, ni nyepesi kuliko mbao iliyoshiba maji, na ikitunzwa inaweza kumtumikia mtu miaka 20. Tulitajiwa milioni 11 kwa boti tupu ya mita 7, bila injini.

Lile neno "bila injini" mpwa wangu alilisikia. Ambalo hakulisikia ni "ukichukulia Dar." Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na boti haikunjwi. Inajaza lori. Ukibahatika kupata lori linalorudi tupu utalipa kidogo, usipobahatika utalipia safari nzima. Tuliweka milioni 1.2 kwenye hesabu yetu tukiwa wakarimu kwa muuzaji. Jamaa aliyesema "tuelewane" yeye boti yake iko hapahapa, lakini ni ya mkononi, na faiba ya mkononi ina siri zake.

Ganda la faiba haliozi. Ila ndani ya ubao wa kufungia injini, kati ya matabaka mawili ya faiba, mara nyingi kuna mbao au plaiwudi, na hiyo inaoza kama mbao yoyote maji yakipita kwenye matundu ya bolti. Chukua sarafu, gonga shetri yote, kisha sakafu. Mlio mkavu na mkali, salama. Mlio mzito kama wa kugonga boksi lililolowa, matabaka yameachana au ndani kumeoza. Shika pia kichwa cha injini, kitikise mbele na nyuma, ukitazama kama ubao unapumua. Boti ya yule jamaa ilipumua.

Jambo la pili ni mchanga na mawe. Mialo mingi haina gati, chombo kinavutwa. Mbao ikikwaruzwa, inakwaruzwa tu. Faiba ikikwaruzwa kila asubuhi mahali palepale, tabaka la juu linaisha, nyuzi zinafunuka, maji yanaanza kunyonywa. Ukinunua faiba, siku hiyohiyo funga kipande cha chuma au mpira mgumu chini ya mkuku, na kata magogo ya kuivingirishia.

Jambo la tatu ndilo linaloamua kwa mtu wa kipato chetu: nani ataitengeneza? Ukipasua mtumbwi wa mbao Jumatatu, fundi yuko mita mia moja, ana pamba, ana misumari, Jumanne jioni uko majini. Ukipasua faiba unahitaji rezini, hadina, nyuzi za faiba, mahali pakavu pasipo na vumbi, na mtu anayejua kupima hadina. Ikizidi, rezini inaganda ndani ya kopo kabla haijafika kwenye boti. Ikipungua, inabaki inanata wiki nzima. Kama mwaloni kwako hakuna mtu huyo, kila ufa ni safari ya mjini na siku kadhaa bila samaki. Siku hizo ni gharama, ziandike.

Alumini sitaizungumzia sana. Ni nzuri, nyepesi, ngumu, lakini kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, na mimi mialo niliyopita sijaona mtu wa kazi hiyo. Na wapo watakaokutajia vyombo vya plastiki iliyorejelezwa, kwa sababu ya jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu mwaka 2018, ambalo mwaka 2021 lilizunguka hata kwenye Ziwa Victoria. Lilionyesha kwamba inawezekana, nami nililipenda. Ila wewe unatafuta cha kununua mwezi huu.

Tuweke miaka mezani. Tuseme paina ikupe miaka 3, mkangazi 8, faiba 20, na mbao yoyote ikutoze laki 3 kwa mwaka kwa kalafati, rangi na misumari, maana angalau mara moja kwa mwaka lazima uutoe mtumbwi majini, uukaushe, uushindilie pamba upya. Paina: 1,400,000 gawanya kwa 3, jumlisha laki 3, ni kama 767,000 kwa mwaka. Mkangazi: 325,000 na laki 3, ni 625,000. Faiba pamoja na lori: 12,200,000 gawanya kwa 20, ni 610,000, bila matengenezo.

Angalia vizuri hapo. Mkangazi na faiba vinakaribiana kabisa, na ya bei chee ndiyo ghali kuliko zote. Kwa hiyo anayekuambia faiba ni nafuu kwa muda mrefu hakudanganyi sana. Asichokuambia ni kwamba unalipa miaka 20 siku ya kwanza, na kama chombo kitaibiwa, kitagongwa au kitazama mwaka wa pili, miaka 18 yako imeenda nacho. Mwenye milioni 6 hana nafasi ya kuweka miaka 20 kwenye kitu kimoja. Nilimwambia mpwa wangu: faiba ni ya kikundi, au ya mkopo usio na riba. Kwako wewe peke yako, kwa hela yako, ni mkangazi.

Injini ndiyo inayokula

Hapa ndipo nilipombana zaidi, kwa sababu yeye moyo wake ulikuwa kwenye injini. Kijana akipita na injini mwaloni anaheshimika, najua. Tukae chini tuhesabu.

Injini ya nguvu farasi 15 ya kuchanganya oili, ukiiendesha kwa nguvu zote, inakunywa kati ya lita 6 na 8 kwa saa. Tuseme 7. Safari moja, kwenda na kurudi na kuzungukia nyavu, saa 2. Hizo ni lita 14, na ukiweka lita kwa shilingi 3,000, ni 42,000. Kwa safari 20 za mwezi ni 840,000. Mtumbwi wetu wa mkangazi ni milioni 2.6. Kwa miezi mitatu na siku chache injini imekunywa mtumbwi mzima. Na bado hujanunua oili: kwa kipimo cha kawaida cha oili moja kwa petroli 50, lita 14 zinataka mililita 280 kila safari, zaidi ya lita 5 na nusu kwa mwezi.

Injini mpya ya namna hiyo tulitajiwa milioni 6.8. Ya mipigo minne, isiyochanganya oili, milioni 9.3. Tofauti milioni 2.5. Hii ya pili kwa kazi ileile itakunywa kama lita 5 na nusu kwa saa, yaani lita 11 kwa safari, shilingi 33,000. Unaokoa 9,000 kila safari, 180,000 kwa mwezi, na ile tofauti ya bei inarudi baada ya miezi 14. Kwa anayevua kila wiki mwaka mzima, ya mipigo minne ina faida. Kwa anayevua msimu mmoja na kulima msimu mwingine, haina.

Lakini petroli si yote. Ya kuchanganya oili ina uzito wa kilo 36 hivi, ya mipigo minne inafika 50. Wizi wa injini ziwani ni jambo la kila siku, kwa hiyo injini yako utaifungua kila asubuhi na kuipeleka nyumbani begani. Jaribu kubeba kilo 50 kupanda kilima baada ya usiku mzima wa nyavu. Tena ya mipigo minne ina upande wake wa kulazwa. Ukiilaza vibaya oili inahamia mahali isipotakiwa. Na fundi wa mwaloni anayeweza kuifungua ile ya kuchanganya macho yamefumbwa, hii nyingine atakuambia uipeleke mjini.

Injini ya mkononi, ya kuchanganya oili, tulitajiwa milioni 3. Iwashe ikiwa baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, jiulize kwa nini. Itazame inavyokojoa: maji ya kupoozea yatoke kwa nguvu na mfululizo. Yakitoka kwa kudondoka, pampu imechoka au njia imeziba, na kwenye ghuba zenye magugu maji hiyo ndiyo njia fupi ya kuunguza injini. Legeza skrubu ya giaboksi chini, toa matone machache. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwisho, namba ya injini na risiti visomane. Bila risiti, hapana, hata kwa laki 5.

Ukishanunua yoyote kati ya hizo, fanya mambo mawili yanayorudisha hela bila gharama kubwa. Punguza mkono kidogo: ukishuka kutoka nguvu zote mpaka robo tatu, petroli inashuka zaidi kuliko mwendo unavyoshuka, kwa sababu mtumbwi mzito ukisukumwa kupita mwendo wake unapanda wimbi lake wenyewe. Na uliza propela. Injini nyingi zinakuja na propela ya boti nyepesi ya mwendo kasi. Mtumbwi wa mbao uliojaa nyavu unataka ile yenye mapanga yaliyolala zaidi, inayosukuma mzigo. Ukiwa na ile ya kwanza, injini inalia, hesabu ya lita inapanda, na nyie mko palepale.

"Basi mjomba nisinunue injini?" Sasa hivi, hapana. Mtumbwi uundwe na ubao wa injini tayari, imara, mbao ngumu. Msimu wa kwanza uende na tanga na makasia, ndani ya maji yanayofikika, na usiku wa kwenda mbali ukodi injini ya mtu.

Mkopo unaolipwa kwa samaki

Kuna wakala mmoja wa samaki alitukuta tukipiga hesabu, akasema injini anayo, tuichukue leo, tulipe taratibu, riba hakuna. Sharti lake ni moja: samaki wote tumpelekee yeye.

Sikiliza vizuri sharti hilo, kwa sababu riba imo ndani yake. Tuseme wenzako wanauza kilo kwa bei fulani na wewe wakala anakupa pungufu ya shilingi 500 tu. Ukipata kilo 40 kwa safari, safari 20 kwa mwezi, umemwachia laki 4 kila mwezi, nje ya marejesho yenyewe. Kwa mwaka ni milioni 4.8 kwa injini ya milioni 6.8. Na mizani ni yake. Ukibanwa kabisa na kulazimika kuchukua mkopo wa namna hii, andikeni mambo mawili: bei yako ni bei ya mwalo ya siku hiyo, na siku deni likiisha sharti limeisha.

Kabla ya kufika huko, jaribu njia nyingine. Halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, isiyo na riba, inayotolewa kwa vikundi. Mwanzoni mwa 2024 serikali iligawa Mwanza boti za faiba na vizimba kwa mkopo usio na riba. Kikundi kikipata nafasi ya namna hiyo, maneno yangu yote ya kuogopa milioni 11 yanapungua nguvu, nami ningesema chukueni faiba, mradi mmoja wenu afundishwe kuiziba.

Uliza tarehe za marejesho kabla ya kusaini. Kwenye Ziwa Tanganyika uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, miezi mitatu kamili. Mtu wa Kigoma aliyekuwa akirejesha kila mwezi alikuwa na miezi mitatu ya deni bila samaki. Omba ratiba inayoruka miezi ya kufungwa, au inayoendana na miezi ya neema.

Gharama za karatasi hazikwepeki. Leseni ya chombo, leseni ya kila mvuvi na si ya mwenye chombo peke yake, usajili, ukaguzi wa usalama, michango ya mwalo. Pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya kununua, upewe bei kwa mwaka, kwa sababu chombo kisicho na leseni kinaweza kukamatwa siku ya kwanza. Na majaketi okozi, moja kwa kila anayepanda. Nimeona watu wakinunua spika ya muziki ya mtumbwini kabla ya jaketi. Mimi nimezika jirani aliyezama akiwa anaiona nchi kavu. Hapo sibani hela, wala wewe usibane.

Ijumaa usiku tuliandika mgawanyo wa zile milioni 6 nyuma ya daftari la shule la mdogo wake. Mtumbwi wa mkangazi, 2,600,000. Makasia manne, nanga, kamba, tanga na kuufikisha mwaloni, 350,000. Leseni na majaketi matatu, 250,000. Nyavu za macho halali, 1,500,000. Zinabaki 1,300,000, na hizo hazinunui kitu. Zinakaa kwa ajili ya wavu utakaopasuka, mgonjwa nyumbani, na wiki mbili za upepo. Mtumbwi bila akiba unauzwa mwezi wa nne kwa nusu bei, na wanunuzi wake wanajulikana, hukaa chini ya mti wakisubiri.

Jumamosi tulikwenda kwa fundi. Alitaka nusu kwanza. Tukapatana mafungu matatu: theluthi mbao zikiwa zimefika na tumeziona, theluthi mataruma yote yakiwa yamesimama, theluthi mtumbwi ukishalala majini usiku kucha. Mtumbwi mpya huvuja saa za kwanza mpaka mbao zinywe maji na kubanana, hilo tunalikubali. Asubuhi tunatoa maji yote, tunasubiri mpaka adhuhuri, tunaangalia tena. Yakiwa yamerudi hadi kifundoni, fundi anarudi na pamba yake na hela inabaki kwetu.

Fundi alicheka, akasema mjomba wako mgumu. Kisha akaandika yote kwenye karatasi, aina ya mbao, urefu, misumari ya zinki, tarehe, na mwenyekiti wa mwalo akatia sahihi chini kama shahidi. Mpwa wangu akahesabu laki nane na elfu sitini na saba, noti kwa noti, juu ya ubao wa mkangazi uliokauka.